Kasha dogo la kompyuta: lipi linafaa Kindu?

Kasha la kompyuta ni bati na hewa, na sisi wa Kindu tunailipia hewa hiyo kwa kilo. Wasafirishaji wa mizigo ya ndege hawaangalii mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, wakagawanya kwa 6,000, na jibu likizidi uzito halisi, ndilo wanalokutoza. Chukua boksi la sentimita 55 kwa 50 kwa 28, ambalo linatosha kasha la kawaida la mnara: linahesabiwa karibu kilo 13, hata kama mizani inasema 8. Boksi la 45 kwa 45 kwa 28 linashuka hadi kilo 9 na nusu. La 45 kwa 36 kwa 25 halifiki kilo 7. Wengine hugawanya kwa 5,000, na hapo mambo huwa mazito zaidi. Uliza kabla ya kulipa.

Njia nyingine zipo. Reli kutoka Lubumbashi kupitia Kabalo na Kongolo inafika mpaka hapa, lakini treni haina ratiba ya kutegemea. Mzigo wa Kisangani hupita Ubundu, kisha huja kwa boti juu ya Lualaba. Ile njia tuliyoizoea, ya vitu vya Dubai na Kampala kupitia Goma, iliharibika Januari 2025 mji ulipotekwa na uwanja wake wa ndege kufungwa. Vyovyote utakavyopitisha, mwisho wa safari ni pikipiki, na kama unakaa Alunguli, kuna kuvuka mto pia.

Ndiyo maana watu wengi wa studio, wanaohariri video za harusi au kurekodi kwaya, wananiuliza swali moja: nitapataje kasha dogo ambalo bado linameza vyombo vya kawaida? Wako sawa kuuliza hivyo. Kosa linaanza wanapotafuta lililo dogo kuliko yote.

Tuanze na vipimo, kwa sababu humo ndimo pesa hupotea. Ubao mama wa ATX una milimita 305 kwa 244. Wa Micro-ATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX ni 170 kwa 170, na unakubali kadi moja tu ya nyongeza na, kwa kawaida, RAM mbili. Pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86; ndugu yake mdogo, SFX, ana 125 kwa 63.5. Kadi za grafiki zenye feni tatu mara nyingi hupita milimita 300, na kipoza prosesa cha mnara hufika 155 au 160 kwa kimo.

Cooler Master NR200, iliyotoka mwaka 2020, inasifiwa sana, na sifa zake ni za haki. Ina lita 18 na robo, inapokea kadi ya milimita 330 na kipoza cha 155. Lakini inataka ubao wa Mini-ITX, ambao kwa kawaida ni ghali kuliko Micro-ATX, na inataka pawa saplai ya SFX. Kwa bei za Ulaya na Marekani, SFX nzuri ya wati 650 mara nyingi hupita dola 100, na ATX ya nguvu hiyohiyo hupatikana kwa pungufu. Ulichookoa kwenye ndege umekirudisha dukani.

Na hilo la bei si kubwa kama hili linalofuata. Hapa kwetu kitu cha kwanza kufa ndani ya kompyuta ni pawa saplai. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, jenereta inapanda na kushuka, inveta ya sola ni ya bei rahisi. Siku hiyo ikifika, ATX utaipata. Fundi yeyote ana mashine mbovu mbili tatu kwenye rafu, na angalau moja ina pawa saplai nzima ya kipimo hicho: unafungua skrubu nne, unabadilisha, jioni unafanya kazi. SFX itabidi uiagize, na usubiri wiki kadhaa huku harusi za watu zikibaki ndani ya diski. Mimi nimeshaishi wiki hizo. Kwa mtu wa Kindu, swali la kwanza kwa kasha lolote liwe hili: linapokea pawa saplai ya ATX?

Silverstone SG13 linajibu ndiyo, tena kwa lita 11 na nusu tu. Ni kasha la kushangaza kwa udogo. Tatizo ni kwamba pawa saplai inalala juu ya prosesa, na kipoza hakiruhusiwi kuzidi milimita 61. Ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 32, kuhariri video kwa saa tatu na kipoza chembamba namna hiyo kutafanya prosesa ipunguze mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa kuandika barua linatosha. Kwa studio, hapana.

Yanabaki mawili, na yote yana lita kama 33. Asus Prime AP201 ni la Micro-ATX: linachukua pawa saplai ya ATX, kadi ya milimita 338 na kipoza cha 170. Bati lake limetobolewa vitundu vidogo pande zote, kwa hiyo linapumua vizuri. Vumbi jekundu la kiangazi nalo linaingia pande zote, ila paneli zinatoka bila bisibisi, unazifuta kwa kitambaa kibichi. Cooler Master Q500L ni pana na fupi, milimita 386 kwa 230 kwa 381, na humo unaingia ubao mzima wa ATX, pawa saplai ya ATX, kadi ya 360 na kipoza cha 160. Machujio yake ya vumbi yameshikwa kwa sumaku, unayabandua kwa mkono. Linakuja na feni moja tu ya nyuma, basi ongeza nyingine mbili kwenye hesabu yako.

Jambo moja linanifanya niipende Q500L kwa safari zetu: ubavu wake wa kuonyesha ndani ni wa plastiki, si kioo. Nilipofungua kasha langu la kwanza lenye kioo, baada ya pikipiki kutoka uwanjani, boksi lilikuwa halina hata mkunjo; nilipoliinua nikasikia ndani kama mchanga unamiminika. Kioo cha namna hiyo hakipasuki vipande, kinasagika chote. AP201 nalo lina toleo la kioo na toleo la bati tupu. Chukua la bati.

Mashine za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex nyembamba, ni rahisi na zinavumilia. Kwa sekretarieti ya kuchapa na kupiga fotokopi, sina shaka nazo. Lakini zile nyembamba zinakubali kadi za nusu kimo tu, na pawa saplai yake ni ya kampuni yenyewe, haibadilishwi na ya kawaida.

Uamuzi wangu: kama tayari una ubao wa ATX, nunua Q500L. Kama unaanza upya, AP201 la bati na ubao wa Micro-ATX. NR200 ni la yule anayebeba mashine kila wiki na mwenye SFX ya akiba kabatini. Kadi iwe inayokula umeme kidogo. RTX 4060 hutumia wati 115, RTX 3060 wati 170, na tofauti hiyo utaiona kwenye betri za sola saa mbili usiku.

Kasha likitumwa, mwambie mtumaji aweke pawa saplai na feni ndani yake, ajaze nguo au sponji, kwa kuwa nafasi hiyo umekwisha kuilipia. Kadi na kipoza visafiri peke yao. Na kabla hujatuma pesa, pima kadi yako kwa rula, toka kwenye bati la nyuma mpaka ncha ya feni ya mwisho, kisha ongeza sentimita 2 za nyaya.