Gia ikigonga, usikimbilie kushusha giaboksi

Katika gereji nyingi za Arusha, kuanzia Kijenge hadi Unga Limited, gari la auto la zamani linalobadili gia kwa kishindo hukatiwa hukumu mapema mno: giaboksi imekufa, tafuta ya mtumba. Mwenye gari hana la kubisha. Anatoa fedha, giaboksi inashushwa, nyingine inapandishwa, na mara nyingine kishindo kinabaki palepale kwa sababu hakikuanzia humo.

Sisemi haya kwa kuwadharau mafundi wetu. Ufundi wa mji huu umekulia kwenye Land Rover na Land Cruiser za watalii, magari ya gia za mkono yanayorudi kutoka Serengeti na Ngorongoro yamejaa vumbi. Wengine waliufuata darasani, katika Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi. Wengi zaidi waliupata chini ya gari, wakimshikia fundi mkuu spana. Kwenye gia za mkono njia ilikuwa wazi: fungua, tafuta jino lililoliwa au beringi iliyochoka, badilisha, funga. Kisha biashara ikafunguliwa, na kuanzia miaka ya 1990 yakamiminika magari yaliyotumika kutoka Japani: Corolla 110, Carina Ti, Mark II, Noah, baadaye Ist na Vitz, karibu yote auto. Mkono uliozoea kufungua ukakutana na chombo kinachotaka kuulizwa maswali kwanza.

Ndani ya giaboksi ya auto, gia hazisukumwi na mkono. Pampu inayozungushwa na injini hutia presha kwenye mafuta, yale ambayo mafundi huyaita haidroliki. Presha hiyo hupita katika vijia vya vali bodi, na solenoidi, ambazo ni vali ndogo za umeme, huamua iende kubana seti ipi ya krachi. Presha ikizidi, krachi hubanwa ghafla na gari linashtuka. Ikipungua, krachi huteleza, injini inapiga kelele bila gari kwenda, kisha gia inaingia kwa kuchelewa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa gari linalogonga ni hili: nini kimeharibu presha? Majibu mengi yako nje ya giaboksi, na mengi ni ya bei ndogo.

Kabla fundi hajagusa kitu, mwenye gari ana kazi ambayo hakuna wa kumfanyia. Kusema “gari linastuka” hakusaidii. Linashtuka asubuhi tu, au hata likiwa limepata moto? Ukitoa N kwenda D, au likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili? Ukikanyaga mafuta kidogo, au ukiyakanyaga sana? Likipanda au likiwa tambarare? Asubuhi za Juni na Julai, Meru ikiwa imefunikwa na baridi imeshuka mpaka Njiro, injini huzunguka juu ya kawaida kwa dakika chache za mwanzo, na ukiweka D wakati huo mshtuko mdogo ni wa kawaida. Kishindo kisichoisha baada ya injini kupata moto ni habari nyingine.

Kishindo cha kuweka D au R gari likiwa limesimama ndicho kinachodanganya wengi. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki kwa nguvu, mtu mwingine asimame ubavuni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari, aangalie injini huku wewe ukihama kutoka D kwenda R. Ikiinuka na kujibwaga, mauntini zinazoishikilia zimepasuka, na hapo giaboksi haina kosa. Angalia pia silensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta. Kama njia ya hewa imejaa masizi na mzunguko wa injini uko juu, kila gia utakayoweka itaingia kwa kishindo. Noah zile za zamani zilizojaa barabara zetu, zenye injini chini ya viti vya mbele na zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, zina mtuhumiwa mwingine: kros za propela shafti. Shika shafti kwa mkono injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamewekewa vigingi, izungushe huku na huku. Ikicheza, umepata kelele yako.

Baada ya hapo, pima haidroliki. Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna kijiti cha kupimia, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu watu huyapima kama oili ya injini. Gari liwe kwenye tambarare na limetembea mpaka likapata moto. Injini ikiwa inaunguruma, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote taratibu, rudi P, ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe na kusoma upande wa alama ya moto. Mafuta pungufu hufanya pampu ivute hewa. Yaliyozidi nayo hupigwa na vyuma mpaka yakatoa povu, na povu halishiki presha. Mengi kupita kiasi si usalama.

Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Jekundu na safi, endelea kutafuta kwingine. La kahawia na lenye harufu ya kuungua, krachi zimeteseka kwa joto. La pinki lililofifia kama lililotiwa maziwa ni la hatari kuliko yote: maji ya rejeta yameingia. Katika magari mengi bomba la kupoozea haidroliki hupita ndani ya rejeta, na likitoboka, maji hulegeza gundi ya krachi. Hilo halisubiri kesho.

Aina ya mafuta nayo si jambo dogo. Hydra-Matic ya Oldsmobile, iliyowekwa kwenye magari ya mwaka 1940 nchini Marekani, ndiyo giaboksi ya auto ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na kwa miongo iliyofuata mafuta ya nyangumi yalikuwa sehemu ya haidroliki. Yaliisaidia krachi kushika polepole bila kutetemeka. Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia walilazimika kutengeneza mbadala, na tangu hapo kila kampuni imekuwa na mchanganyiko wake. Ndiyo maana Toyota ya miaka ya 1990 inayotaka Dexron si sawa na ile inayotaka T-IV, na zote mbili hazifanani na inayotaka WS. Magari ya CVT, kama Nissan X-Trail zilizotoka baada ya zile za kwanza na baadhi ya Vitz, yana mafuta yao kabisa. Humo mkanda wa chuma hutegemea msuguano wa mafuta, na haidroliki ya kawaida ikitiwa humo huua giaboksi nzima. Dukani usiombe “haidroliki” tu. Soma kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari, utaje jina.

Gari linaloshtuka katika gia zote, hasa linalochelewa kubadili, lina tatizo la presha iliyozidi. Katika Corolla 110, Carina Ti na Mark II nyingi, kuna kebo inayotoka kwenye njia ya hewa kwenda kwenye giaboksi. Ikikazwa kupita kiasi, presha hupanda na gia hugonga. Ikilegea, gia huingia mapema na krachi huteleza. Nimeona watu wanaoikaza ili gari liwe na nguvu, na wengine wanaoilegeza ili lisigonge, wote wakizila krachi pole pole. Kebo ina alama yake ya kiwandani, irudishwe hapo.

Taa ya O/D OFF ikiwaka na kuzima yenyewe, kompyuta inayoziamuru solenoidi inalalamika. Katika Toyota za zamani, kabla ya soketi ya kupimia ya siku hizi, fundi anaweza kuunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kuhesabu jinsi taa inavyopepesa. Namba 42 na 61 ni za sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi, 64 ni ya kufunga konvota, kile chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi. Solenoidi ikikosa mawasiliano, kompyuta nyingi huacha presha ipande juu kabisa ili kulinda krachi, na dereva huhisi kila gia ikipiga. Chanzo kinaweza kuwa soketi iliyoingiwa na maji ya presha kule kwenye kuosha gari, au waya wa earth uliooza karibu na betri. Vifunguliwe, visafishwe, vikaushwe, kisha gari lijaribiwe tena.

Jaribio lenyewe linahitaji njia, na Arusha inayo. Kutoka kipilefti cha Impala nenda Sanawari, panda kuelekea Ilboru ukisikiliza gia ya pili na ya tatu zikiwa na mzigo. Kisha rudi uchukue barabara ya njia nne kuelekea Tengeru, na panaporuhusu mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, shika mafuta kwa utulivu. Ukihisi gari linatetemeka kana kwamba unapita juu ya rasta, gusa breki kidogo bila kupunguza mwendo. Mtetemo ukikatika, kifungio cha konvota ndicho kinachosumbua. Usipokatika, chunguza plagi na koili, maana injini inayomisi hutetemesha gari vilevile, na wengi wamenunua giaboksi kwa sababu ya plagi moja.

Ikiwa kila hatua imepitiwa na injini bado inapiga kelele kati ya gia ya pili na ya tatu bila gari kusogea, au bakuli la chini limejaa vipande vya chuma, kwa kweli krachi zimekwisha. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku za bakuli si dalili mbaya, huo ni uchakavu wa miaka. Vipande vinavyong’aa ndivyo vya kuogopwa.

Ukifika hapo na ukalazimika kununua ya mtumba, dai bakuli la giaboksi unayouziwa lifunguliwe mbele yako kabla ya kulipa, na namba yake ilinganishwe na ya zamani. Gari likipata hitilafu njiani, lisikokotwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, kwa kuwa injini iliyozimwa haizungushi pampu na giaboksi hubaki bila mafuta. Kabla ya kufunga mpya, bomba za kupoozea lazima zisafishwe au zibadilishwe pamoja na rejeta, kwa sababu chuma cha giaboksi iliyokufa hubaki humo na huingia kwenye hii mpya siku ya kwanza injini inapowashwa.