Kadi mbili hazilipi jino moja mara mbili

Swali limeletwa tena, safari hii na mwalimu wa sekondari: "Kadi ya kazini inagharamia meno, na ya mume wangu vilevile. Nikitibiwa jino, nitalipwa na zote mbili?"

Hapana. Bima ya matibabu ni fidia: inarudisha gharama uliyoingia, na gharama ikishalipwa hakuna dai lililobaki. Tuseme tiba ya mzizi wa jino imegharimu shilingi 30,000. Kadi ya kwanza ina kikomo cha 20,000 kwa meno, inalipa hizo. Ya pili inamalizia 10,000, hata kama kikomo chake ni 50,000.

"Lakini nimelipia zote!" Umelipia, ndiyo, ili bili kubwa ikija isikuachie deni. Ndiyo kazi ya kadi ya pili, na ni kazi ya maana. Anayekushauri upeleke risiti moja kwa kampuni mbili kimyakimya anakufundisha ulaghai. Ukigunduliwa, bima inaweza kufutwa, na watoto walio chini ya kadi yako wakabaki bila kinga. Mimi siwezi kuvumilia ushauri huo ukipitishwa ofisini kana kwamba ni ujanja wa halali.

Zinazolipa bila kujali kadi nyingine ni bima za kiasi maalumu, kama zile zinazotoa fedha kwa kila siku unayolazwa, au kwa ajali iliyokulemaza. Meno hayamo humo.

Wala kadi ya kampuni haikuondolei SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya. Tangu ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo, tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa mujibu wa sheria, na sera nyingi za kibinafsi hutaka SHA itangulie kulipa ukilazwa.

Sasa ya kufanya. Uliza kikomo cha meno kimetengwa peke yake au kimo ndani ya kile cha matibabu ya nje. Uliza muda wa kusubiri kabla ya kununua, si jino likishauma. Soma yasiyogharamiwa: kunyoosha meno, kuyang'arisha, mara nyingi hata meno ya bandia. Omba idhini kabla ya tiba ghali. Kampuni ya kwanza ikilipa, chukua barua inayoonyesha kiasi ilicholipa. Hiyo ndiyo unayoipelekea ya pili pamoja na nakala ya risiti.

Na kama tayari umepeleka risiti moja kwa kampuni mbili bila kuzieleza, iandikie ya pili leo uliondoe dai hilo kabla halijalipwa.