Kiatu cha Maria: Ua Lisilokubali Haraka

Mtu akizitembelea nyumba za Ulaya, mara kwa mara ataona dirishani chungu kidogo chenye mmea wa majani machache, na katikati ya majani hayo kikonyo kimoja kinachobeba ua moja. Ua hilo ni la ajabu. Petali yake ya chini imejikunja hata ikafanyika mfuko, mfano wa ncha ya ndara. Kwa ajili ya mfuko huo wataalamu wa kale wa Ulaya walioandika kwa Kilatini waliyaita maua ya namna hii Calceolus Mariae, maana yake kiatu kidogo cha Maria. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliyapa jina jingine lenye kumkumbusha mungu wa kike wa wapagani wa Kipro. Walakini Wajerumani na Waingereza mpaka leo huyaita kiatu cha Bibi.

Mmea huu ni wa jamaa kubwa ya okidi. Wenyeji wa Katanga wanaifahamu jamaa hiyo, hata kama hawaitaji kwa jina hilo, kwa maana viazi vinavyosagwa na kuchanganywa na karanga ili kupika chikanda ni viazi vya okidi za porini. Lakini okidi ya kiatu haioti kwa asili katika misitu ya Kongo. Kiatu cha Bibi cha Ulaya huota nje, penye baridi kali. Bali ile ifugwayo nyumbani asili yake ni Asia, toka Bara Hindi na kusini ya China hata visiwa vya Solomon. Mwaka 1886 mtaalamu Pfitzer aliitenga na ile ya Ulaya, akaiita Paphiopedilum. Aina zake ni zaidi ya 80. Nyingine huota juu ya majani makavu chini ya miti mikubwa, nyingine katika nyufa za miamba ya mawe ya chokaa, mahali penye udongo haba.

Anayeupokea mmea huu kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili: utakuwa mkubwa kiasi gani, na baada ya muda gani?

Swali la kwanza halina jibu moja. Katika Vietnam ya kaskazini iko aina ndogo iitwayo helenae, ambayo mmea wake mzima waweza kukaa katika kiganja cha mkono. Kinyume chake, katika mlima Kinabalu, kisiwani Borneo, iko aina ya rothschildianum, ambayo majani yake hufikia urefu wa sentimeta 60, na ua lake, toka ncha hata ncha, laweza kupata sentimeta 30. Katika kisiwa hicho hicho, upande wa Sarawak, iko aina ya sanderianum. Petali zake mbili za kando hufunguka zikiwa fupi, kisha hurefuka siku kwa siku zikining'inia kama utepe, hata nyingine hukaribia sentimeta 90. Lakini zile ziuzwazo sana kwa ajili ya nyumba, zenye majani ya madoadoa, ni za wastani. Majani yake yakitandazwa huenea kama sentimeta 20 au 30, na chungu cha sentimeta 10 huutosha mmea uliokomaa.

Swali la pili ndilo lenye mafunzo. Ili kulijibu, yatupasa kuona jinsi mmea wenyewe unavyokua.

Okidi ya kiatu haina shina moja linalopanda juu mwaka hata mwaka. Huanza kwa chipukizi. Chipukizi hutoa majani, moja huku na moja kule, yakapangana kama upepeo. Kwa kawaida hupita mwaka mmoja au zaidi kabla ya chipukizi hilo kukomaa. Ndipo katikati yake hutokea kikonyo, na ua hufunguka. Ua hilo hudumu wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili. Likianguka, kazi ya chipukizi hilo kwa upande wa maua imekwisha. Halitachanua tena kamwe. Lakini halifi. Majani yake huendelea kupokea mwanga na kutengeneza chakula kwa miaka kadha, na chakula hicho hupelekwa kwa chipukizi changa linalotokea ubavuni mwake chini. Mzazi amekwisha kuvua vazi lake la arusi, lakini anaendelea kulisha nyumba.

Basi ukubwa wa mmea huu hauhesabiwi kwa kimo, bali kwa wingi wa machipukizi yanayokaa pamoja. Lenye moja ni changa. Lenye matatu au manne lina nguvu. Aina iitwayo insigne, ikitunzwa miaka mingi bila kukatwa, hufanyika kichaka chenye maua mengi kwa wakati mmoja, na mtu aweza kumwachia mwanawe.

Kwa mbegu, safari ni ndefu zaidi. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, wala haina akiba ya chakula. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard alitambua kwamba huko porini mbegu hiyo huota kwa msaada wa kuvu fulani ambao huilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha jinsi ya kuiotesha ndani ya chupa, katika chakula kilichotiwa sukari. Lakini hata kwa njia hiyo, okidi za kiatu zilizo nyepesi kukuzwa huhitaji miaka mitatu hata mitano kabla ya ua la kwanza; na rothschildianum huweza kuhitaji 10 au zaidi. Tena okidi nyingine nyingi huzidishwa kwa vipande vidogo vya mmea mmoja ndani ya maabara, hata zikapatikana maelfu zenye kufanana. Okidi ya kiatu haikubali njia hiyo kwa urahisi. Hupatikana kwa mbegu, au kwa kugawanya mmea mkubwa.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kuwa hawataki kungoja. Yuko anayeutia mbolea nyingi, akidhani utakua upesi. Ncha za majani huungua na mizizi huharibika. Mbolea iwe hafifu sana, tena kwa vipindi. Yuko anayeupanda katika chungu kikubwa. Maji hukaa humo, na mizizi, ambayo ni michache, huoza. Yuko anayeugawanya mara tu anapoona machipukizi mawili ili awe na miti miwili. Kila kipande huanza upya, kikakaa miaka bila ua. Afadhali kila kipande kibaki na machipukizi matatu.

Utunzaji wenyewe si mgumu. Mmea huu hauna kiazi cha kuweka maji, kwa hiyo usiachwe kukauka kabisa. Wala usisimame katika maji. Upandwe katika vipande vya magome ya mti, siyo katika udongo mzito, na vipande hivyo vibadilishwe kila mwaka mmoja au miwili, kwa sababu huoza. Wakati huo chipukizi jipya, ambalo mara nyingi hutokea juu kidogo kuliko mama yake, lishushwe ili tako lake liguse magome na kutoa mizizi. Wapewe mwanga wa asubuhi, siyo jua la adhuhuri. Maji yasituame moyoni mwa majani.

Haraka ya nyumbani huua mmea mmoja. Haraka ya biashara imemaliza misitu mizima ya maua haya. Katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya walitaka mimea mikubwa iliyokwisha kukomaa, nao wafanya biashara wakatuma watu kuing'oa Asia. Frederick Sander wa Uingereza alipoleta rothschildianum mwaka 1887, alitangaza kwamba imetoka Guinea Mpya, ili washindani wake wapotee njia. Makao yake ya kweli katika Kinabalu yalijulikana tena mwaka 1959 tu. Wala tusiseme hayo ni mambo ya kale. Aina ya vietnamense ilipewa jina mwaka 1999. Baada ya miaka michache waliokuwa wakiichuma kwa ajili ya kuuza walikuwa wamekaribia kuimaliza porini. Na hayo yalitendeka ijapokuwa tangu mwaka 1990 mkataba wa mataifa, uitwao CITES, unakataza kabisa biashara ya okidi hizi zilizong'olewa porini.

Kwa hiyo mwenye kununua aulize kwanza kama mmea umekuzwa kitaluni kwa mbegu. Mmea wa kitalu umemgharimu mtu miaka ya kazi. Ule wa porini haukumgharimu aliyeung'oa ila dakika moja, lakini msitu hautaurudisha kwa muda huo.

Wazazi Wakristo watayafahamu mambo haya kuliko wengine. Mwenyezi Mungu hakuupa mmea huu nguvu ya kukua mbio. Aliupa utaratibu mwingine: kila kizazi kichanue mara moja, kisha kibaki kukilisha kizazi kijacho. Mtoto naye hukomazwa hivyo, kwa chakula cha kila siku, kwa mafundisho machache yanayorudiwa, na kwa subira ya wale waliokwisha kupata siku yao. Mstahimilivu hula mbivu, walisema wazee. Na mbivu nyingine huliwa na wajukuu.