Kuku Anakula Udongo: Jinsi ya Kuufanya Uwanja Wake Uwe Salama

Arusha watu wako tayari kuongeza hela kidogo wapate yai la kuku wa kienyeji. Sababu wanayoitoa ni moja: "Huyu anajitafutia, hali madawa." Inaweza kuwa kweli. Lakini hebu tujiulize, anajitafutia wapi? Maana kuku wa nje hana tofauti na ardhi anayoikanyaga. Kilichomo ardhini kitaingia kwake, na baadhi yake kitafika kwenye sahani ya mtoto wako.

Kuku hana meno. Punje anazomeza husagwa kwenye firigisi, na ili firigisi ifanye kazi vizuri anameza vijiwe vidogo. Kwa hiyo siku nzima anadonoa chembechembe: mbegu, mdudu, changarawe, na udongo unaoandamana navyo. Hachagui sana. Hapo ndipo hatari zinapoanzia, na njia rahisi ya kuzielewa ni kuzipanga kwa muda zinaochukua kumdhuru.

Sekunde: mwewe

Babu wa kuku wetu ni kuku pori wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Ni ndege wa vichakani, na mpaka leo kuku wana mlio mmoja wa kutahadharisha hatari ya angani na mwingine wa hatari ya ardhini. Sasa ukimweka kwenye uwanja mweupe usio na hata kichaka, mlio anaupiga, lakini vifaranga watakimbilia wapi?

Ndiyo maana shamba la migomba na kahawa kwenye miteremko ya Meru, kama kule Poli au Nkoaranga, ni malisho mazuri kuliko linavyoonekana. Kivuli kipo, na mwewe hapati njia ya kushuka moja kwa moja. Ukiwa tambarare, upande wa Oljoro kwa mfano, panda vichaka au tengeneza vibanda vifupi vya matete hapa na pale, ili kifaranga asiwe mbali na pa kujificha. Usiku ni zamu ya kicheche na wenzake, na dawa yao ni moja tu: banda linalofungwa, lenye wavu wa matundu madogo mpaka chini.

Saa: sumu

Kumbuka firigisi. Kiuatilifu cha chengachenga kikimwagwa shambani, kwa macho ya kuku ni changarawe au mbegu. Karbofurani imejulikana duniani kwa kuua ndege kwa namna hiyo hiyo. Mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa yenye rangi, na vidonge vya dawa ya panya, navyo ni chakula tu kwake.

Kwa hiyo kabla ya kufungulia kuku kwenye bustani ya nyanya au kabichi, uliza ilipuliziwa nini na lini. Muda wa kusubiri uliochapwa kwenye lebo kwa ajili ya mvunaji usiuchukulie kuwa ni ruhusa ya kuku, kwa sababu mvunaji hali udongo. Jirani yako akipulizia, wafungie wako. Mbegu zikimwagika wakati wa kupanda, zifukie. Kiuatilifu kisichosajiliwa, au kilichopimiwa kwenye chupa ya soda, usikiingize nyumbani kabisa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, inayosajili viuatilifu nchini, ipo hapo hapo Ngaramtoni.

Siku: vimelea

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapopoteza vifaranga. Koksidia, wanaosababisha kuhara damu, hutoka na kinyesi wakiwa kwenye vijiyai ambavyo bado haviambukizi. Vikipata joto, unyevu na hewa, ndani ya siku moja mbili vinakuwa tayari. Kifaranga akimeza kimoja, baada ya wiki hivi anaweza kutoa maelfu. Umeona hesabu ilivyo? Kwenye eneo dogo lenye tope, hasa masika ya Machi hadi Mei, dozi inapanda haraka kuliko kinga ya kifaranga.

Lengo hapa ni kupunguza dozi, kwa sababu kumaliza vimelea kabisa huwezi. Na hata si lazima: kifaranga anayekutana na wachache anajenga kinga. Gawa uwanja vipande vitatu au vinne, hamisha kuku kabla nyasi hazijaisha, na acha kipande kipumzike. Mayai ya minyoo mviringo yanahitaji muda mrefu zaidi ili yaambukize, wiki mbili hivi au zaidi, kwa hiyo ukihamisha kila wiki unaondoka kabla hayajaiva. Lakini yanaweza kukaa hai miezi mingi kwenye unyevu na kivuli. Kinachoyamaliza ni jua na ukavu. Kwa hiyo mwezi mmoja wa mapumziko kiangazi una faida kuliko mwezi mmoja wa masika.

Sehemu inayolowa kuliko zote ni pembeni ya chombo cha maji. Kiinue juu ya mawe na ukihamishe mara kwa mara. Na kama unafuga bata mzinga, usiwachanganye na kuku: minyoo ya kuku hubeba kimelea kinachoshambulia ini, na bata mzinga hufa nacho kwa urahisi.

Miaka: majivu

Hatari ya mwisho haiui kuku. Ndiyo maana haionekani.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, lakini vipande vya mabomba, ngozi za nyaya na takataka nyingine bado tunachoma nyuma ya nyumba. Plastiki yenye klorini ikiungua kwa moto hafifu hutoa dioksini. Hukaa kwenye majivu na udongo wa juu kwa miaka, na kuku ni fundi wa kuchakura majivu. Dioksini hupenda mafuta, kwa hiyo huishia kwenye kiini cha yai. Kwa binadamu, nusu ya kiasi kilichoingia mwilini huchukua miaka 7 hadi 11 kuondoka.

Si hadithi ya mbali. Vikuge, mkoa wa Pwani, kulihifadhiwa viuatilifu vilivyoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, vikavuja ardhini. Mayai ya kuku wa jirani yalipopimwa, matokeo yaliyotolewa 2005 yalionyesha dioksini. Kwa macho, yalikuwa mayai ya kawaida kabisa.

Zungushia uzio shimo la taka, majivu ya zamani, na mahali palipokuwa gereji au stoo ya dawa. Kama huna uhakika na historia ya kiwanja, waulize wazee wa mtaa kabla ya kununua vifaranga.

Uzio hauzuii kideri

Hata uwanja ukiwa safi namna gani, kideri kitaingia na kuku mgeni, matenga ya sokoni au viatu vyako. Kinga yake ni chanjo. I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kule Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi. Ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Wape kuku wazima tu, maana aliyekwisha kuugua haimponyi.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua banda, tembea uwanja wote ukiinama. Kila unachokiona chenye ukubwa wa punje ya mahindi au pungufu, jiulize: huyu akikimeza, kinaenda wapi? Jibu la hilo ndilo litakalokuambia uzio uanzie wapi.