Je, Wajua? Kodi ya Gitaa Imo Ndani ya Uzi Mmoja

Je, wajua kwamba uzi mmoja wa gitaa, ukipigwa peke yake, tayari unaimba sauti zote tatu za kodi nzima? Mimi sikujua, mpaka nilipoketi mkekani kwa mzee mmoja wa Mkongani, Kwale, aliyepiga gitaa miaka mingi katika hoteli za Diani.

Kodi ya gitaa ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja na kupatana. Nilimwendea mzee nikiwa na kitabu cha michoro ya vidole. Nilikuwa nimekariri kodi kumi na mbili bila kuelewa hata moja. Alikichukua, akakiweka kando. "Mikao ya vidole utaipata tu, mwanangu," akasema. "Kwanza nihesabie."

Nne, kisha tatu

Vyuma vyembamba vilivyolazwa kwenye shingo ya gitaa huitwa freti, na kila freti ni hatua moja. Ukipanda hatua 12 unarudi kwenye sauti yenye jina lile lile, ila ya juu zaidi. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, na uzi ukifupishwa nusu hutetemeka kwa kasi maradufu: uzi mnene wa E hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde ukiwa wazi, na takriban mara 165 ukibonyezwa hapo.

Kujenga kodi ya meja, ile yenye uchangamfu, shika sauti yoyote, panda hatua 4, kisha 3. Kutoka C, hatua 4 zinakufikisha E, na 3 nyingine G. Aliyeimba kwaya atazitambua: do, mi, so. Ukitaka kodi ya maina, ile ya huzuni, anza na 3 kisha 4. Jumla ni 7 kwa zote mbili. Kinachohama ni sauti ya kati tu, tena kwa hatua moja.

Mzee alinionyesha hilo kwa kodi ya E. Nyuzi sita zilipolia, nilidhani nasikia sauti sita tofauti. Alinihesabia moja moja: E tatu, B mbili, na G shapu moja tu, iliyoshikwa na kidole cha shahada. Kisha akakiinua kidole hicho. G shapu ikashuka hatua moja ikawa G, na gitaa zima likageuka kuwa la majonzi. Nyuzi nyingine tano hazikubadilika. Sauti ya kati ilikuwa na mlinzi mmoja, na mlinzi huyo alipoondoka, kodi ilibadilika tabia.

Hesabu hiyo ndiyo inayofungua hata kodi ya F, inayowachosha wanafunzi wengi. F ni mkao ule ule wa E uliosogezwa freti moja, na kidole cha shahada kimelazwa juu ya nyuzi zote. Usogeze freti mbili zaidi upate G. Mkao mmoja unazaa kodi 12.

Kwa nini 4 na 3?

Hapo swali likanijia, nikamuuliza: nani aliamua kwamba hesabu iwe hiyo? Mzee hakujibu kwa maneno. Aliugusa uzi mnene wa E kwa ncha ya kidole, bila kuubonyeza, juu ya freti ya 12, akaupiga. Ikatoka sauti nyembamba kama ya filimbi: E. Akagusa juu ya freti ya 7: B. Ya 5: E tena, ya juu zaidi. Kisha karibu na ya 4: G shapu. E, B na G shapu, zote kutoka uzi mmoja usiobonyezwa popote.

Siri ni kwamba uzi hautetemeki kwa namna moja tu. Hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kwa vipande vitano. Kila mgawanyo una sauti yake, na masikio yetu huzipokea zote kama sauti moja. Kidole kinachogusa kidogo huzima baadhi na kuziacha nyingine zisikike. Kodi ya meja inatandaza mikononi mwetu kile ambacho uzi hufanya wenyewe.

Ile G shapu ya asili haipatikani juu ya freti ya 4 hasa. Katika gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa milimita 650, iko milimita 130 kutoka mwanzo wa shingo, ilhali freti iko kama milimita 134. Freti zimepangwa kwa hatua zilizo sawa ili kila kodi ipigike, na kwa hiyo kila kodi imepoteza kidogo usafi wake wa asili.

Kodi iliyofumuliwa

Kodi si lazima ipigwe yote kwa mkupuo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, leo Likasi, Kongo. Kwa kidole gumba na cha shahada tu, Mwenda alizifumua kodi sauti moja moja, hata gitaa moja likasikika kama mawili. Mwingereza John Low alisafiri hadi kwa mafundi wa mtindo huo huko Katanga, eneo la Likasi, ili ajifunze kwa kuketi nao, na shajara yake ikachapishwa mwaka 1982.

Kodi pia husindikiza wimbo wa ala isiyo na kodi. Nzumari ya sengenya, ngoma ya Wadigo, hutoa sauti moja kwa wakati mmoja. Lakini ikiwa wimbo unafuata do-re-mi, kodi tatu zinatosha kuusindikiza. C ina C, E, G. F ina F, A, C. G ina G, B, D. Jumlisha: sauti zote saba zimo.

Nilipofika nyumbani jioni ile nilijaribu kodi ya B, ambayo sikuwahi kuikariri. B, hatua nne, D shapu. Hatua tatu, F shapu. Nikazitafuta nyuzini moja moja, polepole, mpaka zikalia pamoja. Kitabu kilikuwa bado mkekani kwa mzee.