Gari kuukuu la maiti: Vipuri vya mbele hununuliwa, vya nyuma huundwa upya

ANAYENUNUA gari kuukuu la kubebea maiti nchini Marekani hutambua upesi kwamba amenunua magari mawili yaliyounganishwa. Mbele ni Cadillac, ambayo vipuri vyake vingali vinapatikana. Nyuma ni kazi ya mikono ya kiwanda kingine kidogo, ambacho aghalabu kilifunga milango yake miongo kadhaa iliyopita.

Tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo gari litarudi barabarani au litaozea uani.

Mfano mzuri ni Cadillac ya 1959, ile yenye mapezi marefu nyuma, ambayo ilipata umaarufu upya kupitia filamu ya Ghostbusters ya 1984. Kampuni ya Cadillac haikuunda bodi za magari ya maiti. Ilitoa chesisi imara iliyokwisha kufungwa injini, giaboksi, usukani na sehemu za mbele za bodi, kisha waunda bodi wakamalizia. Wengi wao walikuwa katika jimbo la Ohio: Miller-Meteor mjini Piqua, Superior mjini Lima, na Hess & Eisenhardt katika eneo la Cincinnati. Kiwanda cha Miller-Meteor cha Piqua kilifungwa 1979.

Kwa hivyo, kabla ya kutafuta chochote, mwenye gari hutakiwa kusoma vibao viwili: nambari ya chesisi iliyotolewa na Cadillac, na kibao cha muunda bodi. Anayeagiza kioo cha nyuma kwa kutaja “Cadillac ya 1959” pekee anajitafutia hasara.

Kwa upande wa injini, kazi ni nyepesi. Ile ya V8 ya mwaka huo, yenye ujazo wa takriban lita 6.4, ndiyo iliyotumika katika magari ya kawaida ya Cadillac. Plagi, kifuniko cha distribyuta, pampu ya maji na vifaa vya kukarabati kabureta huuzwa na wafanyabiashara wa vipuri vya magari ya zamani. Aidha, kuna vitabu vya Hollander, vilivyoanza kuchapishwa miaka ya 1930, ambavyo huonyesha ni kipuri gani cha gari moja kinachoingia katika jingine. Mafundi wa yadi za magari mabovu wamevitegemea kwa miaka mingi.

Lakini hata huku mbele kuna mitego. Gari la saluni la 1959 lilikuwa na inchi 130 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Chesisi ya gari la maiti ilikuwa na inchi 156. Propela, bomba la breki linalokwenda nyuma, kebo ya breki ya mkono na ekzosi vya saluni basi havifiki. Springi nazo hutofautiana, kwani za gari la maiti ziliundwa kubeba uzito zaidi. Mabomba na ekzosi huweza kukunjwa upya katika karakana yoyote yenye vifaa, mradi bomba la breki liwe la chuma au la mchanganyiko wa shaba na nikeli. Shaba tupu haifai, kwa kuwa huchoka na kupasuka.

Breki ndizo zinazostahili kushughulikiwa kwanza, hata kabla ya injini kuwashwa. Cadillac ya 1959 ina masta silinda yenye njia moja tu ya mafuta. Ile ya njia mbili ilikuja 1962. Maana yake ni kwamba mpira mmoja ukipasuka katika gurudumu lolote, breki zote nne hupotea kwa pamoja, katika gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Mipira yote hubadilishwa hata kama inaonekana mizima. Vumbi lililo ndani ya madramu halipulizwi kwa hewa, kwa kuwa breki za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Hupanguswa kwa kitambaa kibichi.

Nyuma ya milango ya mbele ndipo fedha na subira huishia. Taa za nyuma za mviringo zenye ncha hupatikana, kwani zilikuwa za Cadillac. Vioo vya ubavuni je? Kilicho bapa hukatwa upya na fundi vioo kutokana na kioo cha usalama chenye matabaka, kwa kufuata kiolezo cha karatasi ngumu. Kilichopinda ni balaa, na kikivunjika mwenye gari huenda akasubiri miaka. Ndiyo maana wazoefu huking’oa kabla ya kuchomelea chochote karibu nacho.

Raba za milango hazihitaji jina la gari. Hununuliwa kwa urefu, kwa kulinganisha umbo la kipande cha zamani kilichokatwa kwa wembe. Rola za kuingizia jeneza na vigingi vya kulizuia lisiteleze vingali vinaundwa kwa ajili ya magari mapya ya mazishi, na mara nyingi huhitaji tu kutobolewa matundu mapya. Pambo lenye umbo la herufi S ubavuni, masalio ya enzi ya magari ya farasi yenye paa la kukunja, hutengenezewa kalibu kutokana na la upande wa pili.

Kutu hupenda kuanzia chini ya sakafu ya jeneza, mahali ambapo unyevu hukaa bila kuonekana. Maungio ya bodi hizo yalijazwa madini ya risasi, hivyo kuyapiga msasa makavu ni kujitia sumu. Fundi mwangalifu huyeyusha risasi hiyo kwa moto mdogo, akiwa amevaa barakoa inayofaa na mahali penye hewa.

Njia ya mkato iliyobaki ni kununua gari jingine bovu la muunda bodi yule yule na kulikata. Wapo wanaoipinga vikali, wakihoji kwamba magari haya yaliundwa machache, na kila linalokatwa halirudi. Kutoelewana huko kumezidi tangu filamu ile ivutie wanunuzi wanaotaka kuunda nakala za gari lake.

Wanachama wa Professional Car Society, chama kilichoundwa Marekani 1976 kwa ajili ya magari ya maiti, ambulensi na limuzini, hubadilishana vipuri wao kwa wao. Kwa sehemu za nyuma, huko ndiko mahali pa kuanzia, kwani mwenye gari kama hilo huenda amehifadhi kitasa au kioo cha ziada ambacho duka lolote halijapata kukiuza.