Je, Wajua? Infraredi huona metali imeshika nini

Mpakani Tunduma, malori yenye shaba ya Zambia na Kongo husubiri kuvuka kwenda bandari ya Dar es Salaam. Jirani, Mbozi, wakulima wa kahawa huijua shaba kwa sura nyingine: dawa ya kukinga chulebuni na kutu ya majani.

Je, wajua kwamba mrututu wa bluu, yaani salfeti ya shaba, hubeba maji? Katika fuwele yake, kila shaba hushikwa na molekuli 4 za maji. Ya 5 hukaa kando, karibu na salfeti. Upashe moto sana, maji hutoka na bluu hugeuka nyeupe.

Bila kuunguza chochote, mionzi ya infraredi hueleza nani ameshikana na nani. Vifungo vya kemikali hutikisika kama nyuzi za zeze, kila kimoja kikifyonza mionzi ya masafa yake. Linalonivutia zaidi ni salfeti: ikiwa huru, huacha mstari mmoja mpana karibu na namba-wimbi 1,100 kwa sentimita. Ikishikwa na metali, mstari hupasuka kuwa miwili au mitatu.

Kwa kipimo hiki, sampuli ya miligramu 1 au 2 hutosha, ikisagwa na bromidi ya potasiamu na kugandamizwa kuwa kidonge kinachopitisha mwanga.